Kibao cha Nyumba ya Mchomaji

Jumatatu, 1 Juni 1987

Daktari wa mjini kanipa mashine ya kupimia presha na kidaftari hiki. Kila siku niandike presha iko wapi na nini kimeipandisha. Nimemwambia mashine haina kazi. Kinachonipandisha presha kinaitwa Ewald Hofacker, kinakaa mteremkoni chini ya bustani yangu, na mwaka huu ndiye mwenyekiti wa kamati ya sherehe za miaka mia nane ya kijiji chetu, Ellerswied. Daktari akasema niandike hata hivyo, na nisifiche kitu. Haya, sifichi.

Presha: juu.

2 Juni

Mvua. Presha juu.

4 Juni

Nimefungua dirisha nikamkuta Ewald mbele ya mlango wangu na mkanda wa kupimia. Hakubisha hodi. Anapima ukuta wangu kama fundi aliyeitwa.

"Unanipimia jeneza?" nikamuuliza.

"Kibao," akasema. "Kila nyumba ya zamani inapata kibao chenye jina lake. Wageni watakuja kutoka mbali, wasome."

"Yangu usiisumbue."

"Mechthild, yako ndiyo maarufu kuliko zote."

Hapa kwetu jina la ukoo ni la posta na la kaburini. Mtu anaitwa kwa jina la nyumba. Mimi ni Rübsam kwenye karatasi, lakini nyumba niliyozaliwa inaitwa kwa Mchomaji, na mimi ni Mechthild wa Mchomaji tangu nikiwa kwenye nepi. Marehemu Alwin wangu alitoka kijiji cha mbali, akanioa Jumamosi, Jumatatu akaenda kununua misumari wakamwita Alwin Mchomaji. Alikasirika mwaka mzima, halafu akazoea. Mimi sijazoea mpaka leo, na nina miaka sitini na sita.

Bibi alisema tulikuwa tunachoma chokaa. Shangazi alisema mkaa. Babu alisema pombe kali, maana kwa lugha yetu hata pombe kali huchomwa, na kila Jumamosi alileta ushahidi mwenyewe. Kijiji kina jibu lake. Mwaka 1761, usiku wa Pasaka, nusu ya Ellerswied iliungua pamoja na kanisa. Nyumba yetu iko juu, upepo ulikuwa unashuka, haikuungua. Kosa letu ni hilo tu, kwamba hatukuungua na wenzetu.

Mama yangu kila aliposikia king'ora cha zimamoto alitoka kusimama barabarani, mikono ikionekana. Nilidhani mama wote hufanya hivyo.

5 Juni

Mvua. Presha sitaki hata kuiona.

Jumanne, 9 Juni

Mkutano wa kamati ukumbini. Sikualikwa, nikaenda.

Wametengeneza njia ya wageni yenye vituo saba. Mnara wa kanisa uliopinda. Mti wa lindeni ambapo zamani watu walihukumiwa. Tanuri la kijiji. Mlango wenye alama ya shoka la Waswidi, halafu Shimo la Waswidi, halafu jiwe walilolilalia Waswidi. Katika kijiji hiki kila shimo limechimbwa na Waswidi na kila ufa wameupasua wao. Hao askari wa Uswidi walipita hapa zamani za vita vya dini, wakala kuku wakaondoka. Kwa kazi wanayosifiwa nayo, hawakupata hata muda wa kula hao kuku.

Kituo cha saba ni nyumba yangu. Ewald akanyanyua kibao watu wakione: bati jeupe, herufi za bluu, KWA MCHOMAJI. Chini yake kwa herufi ndogo: Hapa ndipo moto ulipoanzia.

Kisha akatoa cha nyumba yake, KWA MLINZI, bila maneno ya chini, maana hayahitajiki. Babu wa babu zake alikuwa mlinzi wa usiku wa kijiji, na pembe yake inaning'inia juu ya kochi la Ewald mpaka leo. Kila mwaka mpya anaipuliza na mbwa wote wanalia.

"Tena tumekuwekea nafasi kwenye maandamano," akaniambia mbele za watu. "Kutakuwa na gari la moto mkubwa. Tulidhani ungependa kushika mwenge."

Wakacheka. Si wote kwa ubaya, lakini wote.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nilikuwa naviangalia vile vibao viwili juu ya meza moja, na kwa mara ya kwanza maishani nikavisoma pamoja.

"Ewald," nikasema, "usiku ule kijiji kinaungua, mlinzi alikuwa wapi?"

Mtu akaweka glasi yake chini. Majina hayo mawili yamekaa jirani tangu enzi za bibi na babu, na hakuna aliyewahi kuyaunganisha.

"Alikuwa kazini," akasema Ewald.

"Kazi gani? Nusu ya kijiji imekwenda. Au alikuwa anaota moto?"

Gernot, mkuu wa kikosi chetu cha zimamoto, alikohoa ndani ya kiganja, na niliona kwamba kikohozi kile ni kicheko. Ewald akawa mwekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu. Nilitembea kurudi nyumbani kwenye mvua bila mwavuli na sikusikia baridi.

Presha: juu sana, lakini ya utamu.

11 Juni

Nimeenda dukani. Wanawake watatu walikuwa wanaongea, wakaacha. Nilinunua siki ambayo siihitaji ili wakae kimya muda mrefu zaidi.

Jumamosi, 13 Juni

Jua la siku mbili, la kwanza tangu Mei. Ewald kakata nyasi za bondeni juzi na leo kazirundika zote ghalani. Haraka yote hiyo ni kwa sababu hema la sherehe litasimamishwa palepale na kamati inataka uwanja. Kishada kimoja kilianguka kutoka kwenye trela mbele ya geti langu. Nikakisokota. Kikasokoteka kama kamba. Nyasi iliyokauka hukatika.

Hatusemeshani. Nikakitupa.

14 Juni

Mvua.

Alhamisi, 18 Juni

Tanuri la kijiji. Atakayeoka wa kwanza analikuta baridi, anamaliza kuni zake kulipasha, wenzake nyuma yake wanaoka kwa joto la bure. Kwa hiyo tangu zamani zamu zinapigiwa kura kwa vijiti. Leo nimefika, vijiti havipo. Jina langu limeandikwa kwa chaki mlangoni, wa kwanza, mpaka mwisho wa mwezi ujao.

"Kura imepigwa lini?" nikauliza.

"Haikupigwa," akasema mmoja wa wanawake, mikono kwenye unga. "Kuwasha ni kazi ya kwenu, au sivyo?"

Nikawasha. Nikawapashia tanuri likawa jeupe, kupita kiasi. Mikate yangu niliiweka baadaye. Ya kwao ilitoka myeusi.

22 Juni

Mvua. Presha juu.

25 Juni

Mvua. Traudel, mke wa Ewald, kanisalimia barabarani kwa kichwa tu. Miaka arobaini ameishi chini yangu na siijui sauti yake vizuri. Mwanamke aliyeolewa na pembe ya ng'ombe.

30 Juni

Wamepita na gari la maandamano kulifanyia majaribio. Juu yake kuna sanamu la mwanamke wa matambara, mwenge mkononi. Wamelivika skafu ya kijani. Nina skafu ya kijani.

Presha: mashine imekataa, imeandika kosa.

Jumanne, 7 Julai

Jioni upepo ulipanda kutoka kwa Hofacker na kuleta harufu tamu, tofaa la kuokwa na tumbaku ya kiko. Nilisimama nikaivuta kwa raha kabisa, nikamkumbuka babu, kisha raha ikakatika. Babu alinipeleka kwenye ghala nikiwa mdogo, akanisukumia pua kwenye nyasi, akasema: ikinukia hivi, usilale.

Ni zile nyasi. Zimeingia mbichi, zimekaa wiki tatu zinachemka zenyewe ndani kwa ndani, mpaka siku zitakapojiwasha moto.

Nimekaa jikoni nikiwaza. Nisiposema, ghala linaungua, na ghala limeshikana na zizi, na zizi na nyumba. Nikisema, mtu wa nyumba ya Mchomaji ndiye aliyekuja kutangaza moto. Wataniuliza nilijuaje. Mama yangu alisimama barabarani maisha yake yote asiulizwe swali hilo.

Nilivaa viatu nikashuka.

Ewald alikuwa anakula. Traudel alisimama nyuma ya kiti chake na sufuria ya viazi.

"Nyasi zako zinapata joto," nikamwambia. "Zinanuka mpaka kwangu. Mwite Gernot aje na kile chuma chao cha kupimia joto."

Akafuta mdomo taratibu. "Traudel, umesikia? Mchomaji kaja kunitabiria moto."

"Nimekuja kukuambia unuse."

"Miaka hamsini natia nyasi ghalani. Nyasi zangu zilikuwa kavu."

"Zilisokoteka kama kamba. Nilizishika."

"Uliingia ghalani kwangu?"

"Zilianguka barabarani, Ewald. Barabara si yako, ingawa mkanda wa kupimia unao."

"Basi nenda kalale," akasema. "Na nikiona moshi, nitajua pa kuanzia kuuliza."

Nilimwangalia Traudel. Yeye alikuwa anaangalia viazi.

Namchukia. Naandika wazi, daktari asome: namchukia mtu huyu tangu tukiwa darasa moja, na leo zaidi. Aungue. Hapana. Ng'ombe hawana hatia, na Traudel pia.

8 Julai

Nimehamisha kiti kutoka jikoni hadi dirisha la nyuma. Kutoka hapo paa la ghala linaonekana lote. Nimefuma soksi nusu. Harufu ipo.

9 Julai

Nimempigia Gernot. Akasema bila ruhusa ya mwenye ghala haingii, na mwenye ghala ni nani? Ewald. Nikamwambia hata Waswidi walikuwa na akili kuliko nyie. Mvua nyepesi. Mvuke unatoka kwenye vigae vya ghala, na paa la zizi halitoi mvuke. Soksi moja imekwisha.

10 Julai

Kiti. Dirisha. Harufu si tamu tena, inachoma puani.

Ewald kapita chini, kaniona dirishani, kanipungia mkono kwa dharau. Nimempungia kwa sindano ya kufumia.

Jumapili, 12 Julai

Naandika haraka, mwandiko utasomeka utakavyosomeka.

Mchana kijiji chote kilikuwa chini kanisani kwa mazoezi ya maandamano. Onyesho la moto mkubwa: zimamoto wamevaa suruali fupi na kofia za kale, ndoo za ngozi mkononi, Gernot na ndevu za katani. Sauti zao zilinifikia mpaka dirishani. "Moto, moto," wakiimba, na watoto wakipiga makopo.

Ndipo kigae kimoja cha ghala kikaruka, moshi wa manjano ukatoka pale kilipokuwa.

Nilipiga simu kituo cha zimamoto cha mjini. Kisha nikakimbia kuwaita wa kwetu, mimi nisiyekimbia hata mvua. Kwa kelele zile nisingesikika, kwa hiyo nikaingia moja kwa moja mnarani, nikaishika kamba ya kengele kubwa na kuivuta kwa uzito wangu wote, mapigo ya harakaharaka, ya hatari.

Wakapiga makofi.

Nilitoka mlangoni nikiwa sina pumzi na kijiji kizima kilikuwa kinanipigia makofi. Walidhani nimekubali kushiriki. "Safi sana, Mechthild," mtu akapaza sauti, "mwenge uko kwenye gari." Ewald alikuwa amesimama juu ya jukwaa na ile pembe ya ukoo wake shingoni, akatabasamu, nadhani ni mara ya kwanza kunitabasamia maishani.

"Ghala lako linaungua," nikasema.

"Vizuri," akasema, "lakini sema kwa sauti zaidi, wa nyuma hawasikii."

Sikujua nifanye nini. Ningepiga kelele "moto" wangeitikia "moto", maana ndiyo yalikuwa mazoezi. Ndipo Traudel akatoka katikati ya wanawake, akaja hadi kwangu, akanishika uso kwa mikono miwili kama mtu anayeangalia jino. Aligeuka.

"Gernot," akasema, na sasa naijua sauti yake, "vua hayo mandevu. Analia huyu."

Ghala limekwenda, na nyasi zote, na trela. Ng'ombe walitolewa wote. Nyumba ilibaki, ukuta wake wa juu umekuwa mweusi. Wanaume wa suruali fupi walizima kwa mpira wa maji wa kweli na ndoo za ngozi zilielea barabarani. Mimi nilishika kamba za ndama wawili wasirudi ndani.

Moto ulipotulia, vichwa vikaanza kugeuka kuelekea juu, kwenye nyumba yangu. Niliviona vikigeuka, kimoja baada ya kingine.

"Ulijuaje?" Ewald akaniuliza. Uso wote masizi. "Wiki nzima umekaa dirishani. Ulijuaje?"

Nilitoa mikono mfukoni bila kufikiri, nikaisimamisha mbele yangu ionekane. Kisha nikagundua ninachofanya, nikairudisha mfukoni kwa hasira.

Jumatatu, 13 Julai

Polisi wawili kutoka mjini, mmoja mdogo kuliko viatu vyangu.

"Bi Rübsam, wanasema ulitabiri moto."

"Sikutabiri. Nilinusa. Nina pua."

"Na ulikuwa wapi nyasi zilipowaka?"

"Dirishani, nafuma soksi. Unataka kuziona?"

Akataka kuziona. Nikamwonyesha.

Walipotoka niliwafuata. Sikai ndani nikajadiliwa nje. Gernot alikuwa kwenye majivu na uma wa nyasi, amepasua lundo katikati: ndani kabisa nyasi zilikuwa mkaa mtupu, nje zilikuwa bado kahawia.

"Moto umeanzia ndani," akawaambia. "Hakuna kiberiti kinachofika hapa. Ziliingia mbichi."

"Zilikuwa kavu," akasema Ewald.

"Zilikuwa mbichi," akasema Traudel kutoka mlangoni. "Na Mechthild alikuja Jumanne kutuambia. Tulikuwa tunakula. Wewe ukamcheka, Ewald, na mimi nikanyamaza."

Ewald aliingia ndani. Polisi mdogo alifunga kalamu yake.

Presha: sijui. Nimelala mchana kama mtoto.

20 Julai

Jua. Hakuna aliyeniomba radhi. Nimepata chupa mbili za jamu mlangoni, zisizo na jina, na jamu ya moja imeungua. Sijui kama ni zawadi au matusi.

Alhamisi, 30 Julai

Tanurini jina langu bado liko la kwanza. Nikawasha.

16 Agosti

Ewald kalalamika kwa maandishi kwamba ua wangu wa miti unamfunikia jua. Ghala halipo, ana jua kuliko mtu yeyote wilayani.

Jumamosi, 29 Agosti

Amekuja na ngazi. Safari hii kibao kimefungwa kwenye gunia.

"Baada ya yote," nikamwambia, "bado unakileta."

"Kamati imeshaamua. Vibao vimeshalipwa."

"Nitakipiga nyundo."

"Nyumba ni yako," akasema, akaingiza skrubu, moja, nyingine, bila kunitazama. Aliacha gunia limefungwa na kamba ikining'inia ya kuvutia kesho.

Ningeweza kuchungulia. Yeye alikuwa chini anaangalia kama nitachungulia. Sikumpa raha hiyo.

Presha: juu kupita siku zote. Nyundo iko mezani.

Jumapili, 30 Agosti

Wageni wengi kweli. Bendi, jua, soseji. Walipita mnarani, kwenye mti wa lindeni, wakaoneshwa Waswidi wote. Sanamu la matambara sikuliona kwenye gari, na hakuna aliyenieleza limekwenda wapi.

Walipofika kituo cha saba nilikuwa mlangoni, nyundo ndani ya aproni. Bendi ikamaliza wimbo wake. Ewald alikuwa na hotuba mkononi, akaikunja, akaitia mfukoni, akavuta kamba.

KWA MLINZI.

Nikasoma tena. Herufi za bluu, bati jeupe, bila maneno ya chini.

Watu wa kijiji waligeuza vichwa, si kunitazama mimi, bali kutazama chini ya bustani. Huko Traudel alikuwa ameshavuta gunia la kwao. Pembeni mwa ukuta mweusi, mbele ya mahali palipokuwa ghala, palisomeka KWA MCHOMAJI, na kwa herufi ndogo: Hapa ndipo moto ulipoanzia. Mgeni mmoja alikuwa tayari anakipiga picha.

Nikatafuta hasira yangu, nimezoea kuiona pale pale, haikuwepo.

"Ewald," nikasema, "umekosea vibao."

"Nimekosea," akasema.

"Basi rekebisha."

"Bisibisi imepotea."

Bisibisi ilikuwa kwenye mfuko wa shati lake, mpini mwekundu umejitokeza wote, kijiji kizima kinauona.

"Nyundo ninayo," nikasema.

"Skrubu hazitoki kwa nyundo."

"Hazitoki," nikasema.

Akabaki amesimama. Nami nikabaki. Kisha bendi ikapiga, maana bendi haijui kunyamaza, na wageni wakashuka kwenda kwenye bia.

Jumatatu, 31 Agosti

Nilipita dukani. "Habari, Mechthild wa Mlinzi," akasema mwenye duka, mdomo ukimcheza. Nikamwambia asinizoee. Nikanunua siki tena, kwa mazoea.

Jioni hii Ewald yuko mlangoni. Nyasi za mkato wa pili zimeingia leo kwenye ghala la kuazima, na bila shaka anataka nikanuse. Nimemwona akipanda, kofia mkononi, akasimama kwanza chini ya kibao, kisha akafanya jambo ambalo hajalifanya tangu tuzaliwe. Anabisha hodi.

Presha nitapima baadaye. Namwacha abishe kidogo.